Kujihesabu nafsi: nilichokiona katika taarifa yangu ya miamala ya miezi sita

Mtoa mada (Mbeya)

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie, kwa kuwa uzi huu ni mrefu, na baridi ya Julai hapa Mbeya imenipa kisingizio cha kukaa ndani jioni nzima nikiandika.

Jambo lenyewe lilianza kidogo tu. Niliomba mkopo katika Saccos ya kazini, nikatakiwa kuambatanisha taarifa ya miamala ya simu kuanzia Januari hadi Juni. Niliichapisha steshenari, ikatoka kurasa 14, na kwa kuwa nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka 19, sikuweza kuikabidhi kabla ya kuipitia kwa rula na kalamu nyekundu. Sikuwa natafuta chochote. Yalikuwa mazoea tu, kama fundi cherehani anavyokagua upindo wa suruali ya mtu aliyesimama mbele yake kwenye foleni.

Nilipofika ukurasa wa 9 nilikuwa nimeshaigawa miamala katika mafungu, na hapo kalamu ikasimama. Michango ya harusi, sendoff na kipaimara: mara 11, jumla shilingi 730,000. Vocha na bando: shilingi 168,000. Mama yangu mzazi, anayeishi peke yake kijijini, chini kidogo ya Kiwira: mara 7, jumla shilingi 215,000. Mngeniuliza siku moja kabla ya hapo mimi ni mtu wa namna gani, ningewajibu bila kusita kwamba ni mtoto anayemtunza mama yake, na kwamba michango ya harusi huitoa kwa shingo upande, pale tu panapobaki chenji.

Nikarudi nyuma kutazama tarehe. Michango karibu yote niliituma siku ya mwisho, saa chache baada ya katibu wa kamati kubandika kwenye kundi orodha ya waliotimiza ahadi na wale ambao bado. Kwa mama, mara 6 kati ya 7 nilituma siku ileile aliyonipigia simu. Nazikumbuka moja moja: dawa za presha, mbolea, mabati ya jikoni yaliyoezuliwa na upepo. Maana yake ni kwamba mkono wangu hufunguka jina langu linapokuwa hatarini kusomwa mbele za watu, au mtu anapolazimika kuomba.

Ningependa kueleweka vizuri hapa. Sikuwa nikiwadanganya watu. Anayedanganya anajua ukweli ameuficha wapi, naye akitaka anaweza kwenda kuuchukua. Mimi nilikuwa naamini kila neno.

Hali hiyo iliwashughulisha wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, ambao mwaka 1977 walichapisha makala iliyotikisa watu wa fani yao. Katika jaribio mojawapo walipanga mezani jozi 4 za soksi ndefu za kike, za nailoni, zote za aina moja kabisa, wakawaomba wapita njia wachague iliyo bora. Jozi ya mwisho kulia ilichaguliwa na asilimia 40, ile ya mwisho kushoto na asilimia 12 tu. Walipoulizwa sababu, watu walizungumzia ufumaji, ulaini na uimara. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ilikaa kulia, na walipodokezwa hivyo walikana karibu wote, wengine wakimtazama mwulizaji kama mtu asiye na akili timamu. Anayeuza mitumba Mwanjelwa hahitaji kuisoma makala hiyo. Anajua nguo ya kutundika juu ni ipi na ya kuacha kwenye rundo ni ipi, naye mteja anaondoka akijisifu kwamba jicho lake limeona.

Kama hatuwezi kueleza kwa uhakika kwa nini tumechagua soksi, basi kukaa gizani ukijiuliza «mimi ni nani hasa» kunaweza kukuletea majibu mazuri sana yasiyohusiana nawe.

Lugha yetu, kwa maoni yangu, iliuona mlango mwingine zamani. *Hesabu*, *mhasibu* na *muhasaba* ni maneno ya ukoo mmoja. Waislamu wanalifahamu hili la mwisho: ni mtu kuiita nafsi yake mezani na kuidai maelezo. Mwanazuoni mmoja wa Baghdad aliyefariki mwaka 857 aliizoea kazi hiyo kiasi kwamba hadi leo anaitwa al-Muhasibi. Kwa Wakatoliki yupo Ignatius wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, ambaye baadaye aliwafundisha watu kuchunguza dhamiri mchana na jioni, na anayepambana na kosa moja maalumu aweke alama kwenye mstari kila anapolirudia, ili aweze kulinganisha siku na siku, wiki na wiki. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana ile ni leja.

Wahasibu tuna kazi ya kila mwezi iitwayo usuluhishi wa benki. Unachukua daftari lako la fedha, unachukua taarifa iliyoandikwa na benki, unaziweka sambamba na kutafuta zinapotofautiana. Mhasibu mchanga akiona tofauti hushtuka na kufikiri kuna mwizi, lakini mara nyingi hakuna. Kuna hundi ambayo haijawasilishwa, au makato ambayo hukuyaandika. Jambo muhimu ni kwamba daftari lako pekee haliwezi kukuonyesha kosa lako, hata ulisome mara mia, kwa sababu mkono ulioliandika ndio unaolisoma.

Basi nikajiuliza maswali. Kwanza niliuliza *kwa nini* simtumii mama mpaka apige simu, na majibu yakaja mbio kama watoto walioitwa kula: mshahara haukutosha, ada, yeye mwenyewe hupenda kujitegemea. Yote yalikuwa na chembe ya ukweli, na yote yalinisafisha. Kisha nikaacha *kwa nini*, nikauliza *lini* na *nini kilitangulia*. Hapo majibu yalikuja polepole, lakini yalikuja na tarehe.

Nikaufikia ule muamala wa 7. Tarehe 9 Mei, shilingi 40,000, saa 10:52 jioni, bila simu yoyote kutoka kwake. Nilikaa nao karibu nusu saa. Siku ile nilikuwa narudi kutoka Tukuyu kikazi, nimekaa dirishani, mvua ya Rungwe inanyesha kama ijuavyo. Gari liliposimama kushusha abiria, nilimwona mama wa umri wa mama yangu amesimama ukingoni mwa barabara, mkungu wa ndizi kichwani na jani la mgomba juu yake kama mwavuli, anangoja tupite ndipo avuke. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kiwiko chake. Gari halijaondoka nikatoa simu.

Kwa hiyo mimi si bahili kama kurasa zile zilivyotaka kunihukumu, wala si mkarimu kama nilivyojihukumu mwenyewe. Mimi ni mtu wa macho. Nisichokiona hakiniumi, na mama yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemweka mahali nisipomwona. Hili sikulijua katika miaka 46 ya kuishi ndani ya ngozi hii.

Jambo moja zaidi, halafu niwaachie. Mwaka 1955 Wamarekani wengine wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha la vioo 4: unayoyajua wewe na wenzako, uliyowaficha wenzako, wanayoyaona wenzako na wewe huyaoni, na yale asiyoyajua yeyote. Waliunganisha vipande vya majina yao wakaliita dirisha la Johari, bila shaka bila habari kwamba kwetu johari ni kito. Nikataka kukijaribu kile kioo cha tatu. Nikamwomba mke wangu aniambie kitu kimoja anachokiona kwangu ambacho mimi sikioni. Akaweka chini sahani aliyokuwa anaifuta, akasema, «Baba Neema, mtu akikueleza jambo, wewe huwa unaanza kujibu kabla…» Nikamwambia hapana, hilo si kweli, mimi husikiliza. Akaichukua sahani, akaendelea kuifuta.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza (Iringa mjini)

Kamwene, ndugu mtoa mada. Nimeusoma uzi wako wote na ninakubaliana nao nusu. Nafsi ya mtu haiingii yote kwenye taarifa ya simu. Unaposhika mkono wa mgonjwa, au unaponyamaza pale ambapo neno lako lingevunja nyumba, hakuna ujumbe unaokuja kuthibitisha muamala.

Sisi hapa tuna jiwe la Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea, na husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari nyakati za vita na Wajerumani. Mimi hupanda pale Jumapili jioni, jua linapoelekea kuzama na mji wote ukiwa chini yangu, na sibebi daftari. Nusu saa ya kwanza ni kelele tupu: deni la fulani, maneno ya bosi, mechi. Nikivumilia, huja jambo ambalo nimekuwa nikilikimbia wiki nzima, na kila mara ni moja tu. Hesabu zako ni nzuri, lakini nadhani hata wewe hukuipata ile picha ya mama mwenye ndizi kutoka kwenye karatasi. Karatasi ilikupa tarehe. Picha ilikuja ulipokaa kimya nusu saa.

Mtoa mada

Umenishika pabaya, na ninakubali. Nitaongeza kwamba karatasi ilinizuia kuchagua siku ya kuitafakari. Ningeachiwa nichague mwenyewe, ningechagua siku niliyopendeza.

Mchangiaji wa pili (Inyala)

Mheshimiwa mhasibu, mimi ni mkulima wa viazi, na kwa heshima zote naona mambo haya ni ya watu wenye mishahara na vibaraza. Mtu aliyeamka saa 10 alfajiri kupakia magunia hana nafasi ya kujiuliza yeye ni nani. Shamba linamwambia. Ukiwa mvivu, magugu yatakutangaza kijiji kizima.

Hata hivyo, nisiwe mnafiki. Msimu uliopita ukungu uliniunguzia karibu ekari nzima, na nilimwambia kila mtu aliyepita kwamba nimeuziwa dawa feki. Nilisema hivyo mpaka nikaanza kulitaja duka. Baada ya kusoma ile habari ya «lini», nimeamka nikamwuliza kijana wangu tulipiga dawa siku gani. Akaniambia, «Baba, tulipiga baada ya majani kuanza kubabuka, kwa sababu pampu ulikuwa umemwazima mjomba.» Jirani yangu alinunua dawa duka lilelile, akapiga mapema, akavuna. Sasa sijui hapa nimejitambua au nimejiaibisha, ila kesho nitapita kwa yule mwenye duka nikasalimie.

Mchangiaji wa tatu (Njombe)

Kaka zangu, shikamooni. Nina swali zito kidogo. Mume wangu alifariki mwaka jana. Tangu wakati huo nimekuwa nikifanya hiki mnachokiita kujichunguza kila usiku: ningemwahisha hospitali, ningegundua mapema, mimi ni mke wa namna gani niliyelala usingizi ule. Nimeshajihesabu mpaka nimechoka na hakuna kinachobadilika, isipokuwa silali. Je, hii ndiyo njia yenyewe, au nimepotea?

Mtoa mada

Dada yangu, marahaba, na pole sana. Nitakujibu kwa uangalifu, kwa kuwa mimi si daktari.

Ninaamini unachokifanya usiku kina jina jingine. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukichunguza: hali ya mawazo kuizunguka huzuni ileile, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, anayekanyaga mduara uleule mpaka majani yanaisha. Mwaka 1989, yeye na mwenzake walikuwa wamewahoji wanafunzi wa chuo kikuu huko California kuhusu namna wanavyoikabili huzuni. Siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko kubwa likaipiga sehemu hiyo. Sisi wa Mbeya tunaoishi juu ya bonde la ufa tunaijua ardhi inapotikisika. Walipowarudia wanafunzi wale siku 10 baada ya tetemeko, na tena baada ya wiki 7, wale waliokuwa na tabia ya kuzungushazungusha mawazo ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo kabla. Kwa hiyo dada, kuna kujitazama kunakochosha roho bila kuipa kitu.

Kipimo ninachojitumia ni hiki: jibu likiwa jana na leo ni lilelile, neno kwa neno, basi nimeacha kuuliza, ninajipiga tu. Na swali la «ningejua» halina hesabu, kwa maana unaidai nafsi ya mwaka jana kwa taarifa ulizozipata mwaka huu. Katika ofisi yetu mkaguzi akifanya hivyo tunamrudisha.

Wapo wanaosaidiwa na kuandika. James Pennebaker na Sandra Beall walionyesha mwaka 1986 kwamba wanafunzi walioandika juu ya jambo lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, walitoka pale wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Angalia kwamba ni siku 4 kisha wakaacha, halafu wengine jambo kama hili haliwafai. Kwa kuwa hulali kwa muda mrefu hivyo, nakusihi uanze kwa kumwona mtu wa afya ya akili kwenye hospitali iliyo karibu nawe, na ikiwezekana usiende peke yako. Siku hizi huduma hiyo ipo katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa, wala si ya vichaa kama tulivyoambiwa utotoni.

Mchangiaji wa tatu

Nimelia kidogo, lakini asante. Lile la kuidai nafsi ya mwaka jana nimeliandika nyuma ya kalenda. Jumatatu dada yake marehemu atanisindikiza.

Mchangiaji wa nne (Mafinga)

Mimi nimesoma nusu, nikaenda kufungua miamala yangu, nikaifunga. Nitarudi mwezi ujao nikiwa na ujasiri. Naomba tu kujua kama vocha zinahesabiwa.

Mchangiaji wa pili (Inyala)

Mhasibu, umewashauri wengine vizuri, lakini umekwepa jambo moja na sisi tumeliona. Mama je? Umeanza kumtumia bila kuombwa?

Mtoa mada

Sikukwepa, nilikuwa nangoja Jumamosi ipite ili nisiwape ahadi.

Kwa kuwa nimeshajua kwamba mimi ni mtu wa macho, niliona kujiwekea kengele kwenye simu ya kunikumbusha kutuma pesa kutakuwa kujidanganya kwa njia mpya. Nikapanda Coaster asubuhi nikaenda. Nilipotokeza uani alisimama na jembe mkononi, akauliza, «Nani amekufa?» Nikamwambia hakuna, nimekuja kusalimia. Akaendelea kunitazama, kisha akatazama barabarani, kuona kama kuna wengine nyuma yangu wanaoleta habari yenyewe.

Tulikula, tukaongea. Nikamweleza habari ya ile taarifa, bila kumtajia jumla, maana niliona haya. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza (nikamkumbuka mke wangu na ile sahani), akaingia ndani akatoka na kaunta buku. Wengi hamjui kwamba mama ni mweka hazina wa kikoba cha pale kijijini, na haandiki vya kikoba peke yake. Ana kurasa za kuku, za majani ya chai, na ukurasa ulioandikwa jina langu juu.

Kwenye ukurasa huo ameorodhesha kila mzigo alionitumia kwa kondakta tangu Januari: mikungu ya ndizi 13, maharage debe 2, maparachichi mfuko mmoja. Hakuna hata kimoja kilichomo katika kurasa zangu 14, kwa kuwa nauli ya mzigo huilipia yeye hukohuko. Upande wa kulia amepiga mstari kwa rula na kuandika juu yake *Umefika*, akimaanisha siku niliyompigia kumwarifu kwamba mzigo nimeupokea. Mbele ya mizigo 7 kuna tarehe. Mbele ya 9 iliyobaki ameweka alama ya kuuliza, kwa penseli, ili ziweze kufutika.